Kama Mtandao Hauna Mwenyewe, Tutashtaki kwa Nani?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama ishirini na wanane tunaouza samaki karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu. Kwa miaka sita tulikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa, na hapo ndipo hoteli na wateja wa mjini walipokuwa wakituagizia. Mwezi uliopita ukurasa ulifungwa. Tuliambiwa tumekiuka kanuni bila kuelezwa ni kanuni ipi, na tulipokata rufaa tulijibiwa na mashine. Mwana wa mwenzetu mmoja anatushauri tuhamie Mastodon, ambao anasema ni mtandao usio na mwenyewe. Nauliza: ikiwa hauna mwenyewe, nani anauendesha? Na mtu akitutukana, au akichukua picha zetu na kuwatapeli wateja, tutashtaki kwa nani?

Jibu: Dada Katibu, poleni kwa kupoteza ukurasa wenu. Wateja wa miaka sita hawapatikani kwa siku moja, na kuhukumiwa bila kutajiwa kosa kunauma kuliko hukumu yenyewe. Mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukisimamia seva ndogo ya aina hii hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, ambayo watumiaji wake wengi ni walimu, kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayeifanya kazi hiyo kila wiki, na sitakuficha mahali inapotushinda.

Nianze na neno la kijana wenu, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Mtandao huo una wenyewe, tena maelfu, ila kila mmoja anamiliki kipande chake tu. Nyinyi wa Dunga mna mfano wa jambo hili mbele ya macho yenu. Kila ufuo wa ziwa letu una kamati yake, ile tunayoiita BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo), yenye daftari la wanachama, mashua zilizosajiliwa na sheria ndogondogo walizokubaliana wenyewe. Kamati ya Dunga haina amri juu ya Usoma, wala ya Usoma haina amri juu ya Ogal. Hata hivyo ziwa ni moja, na mashua iliyosajiliwa Dunga hukutana na ya Ogal katikati ya maji, wavuvi wakasalimiana, wakapeana habari za upepo na kuuziana nyavu. Mitandao iliyogatuliwa imejengwa hivyo. Ufuo ni seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana na kuhifadhi akaunti za watu. Kamati ni msimamizi wa seva hiyo pamoja na wasaidizi wake. Ziwa ni itifaki, maana yake lugha ya pamoja ambayo seva zote zimekubali kuzungumziana.

Najua Mkenya akisikia neno ugatuzi hufikiria kaunti 47, lakini mfano huo utawapotosha. Kaunti zote ziko chini ya katiba moja, hupata fedha kutoka hazina moja, na zikigombana kuna Seneti na mahakama za kuamua. Hata BMU zina maafisa wa uvuvi wa serikali juu yao. Seva hazina Seneti wala afisa wa uvuvi. Hakuna ofisi yoyote iliyo juu yazo inayoweza kuiamuru seva fulani ifute kitu au ipokee mtu, na kinachoziunganisha ni ile lugha ya pamoja na hiari ya kuzungumza. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayosema yatafuata yenyewe.

Lugha hiyo inaitwa ActivityPub, na shirika la W3C, linaloweka kanuni za kiufundi za wavuti duniani, liliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018. Mastodon ni mojawapo tu ya programu zinazoizungumza. Ilianzishwa mwaka wa 2016 na Eugen Rochko, akiwa Ujerumani, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchukua na kuuweka kwenye seva yake. Watu wengi walisikia habari za Mastodon mwishoni mwa mwaka wa 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter na watumiaji wakaanza kuhama kwa makundi. Kuna pia Pixelfed kwa ajili ya picha, na PeerTube kwa ajili ya video, iliyotengenezwa na shirika la Kifaransa la Framasoft. Kwa kuwa zote zinazungumza lugha moja, mteja aliye Pixelfed anaweza kuifuata akaunti yenu ya Mastodon bila kujiandikisha kwingine, kama vile mwenye anwani ya Gmail anavyomwandikia mwenye anwani ya Yahoo bila kufikiria.

Tuchukue asubuhi moja ya kawaida. Saa kumi na moja alfajiri mashua zimetia nanga, nawe umepiga picha ya mbuta wawili wakubwa ndani ya beseni la bluu, ukaandika bei na nambari ya till ya kulipia kwa simu, ukachapisha. Tuseme akaunti yenu ni @samakidunga@ziwa.mfano: sehemu ya kwanza ni jina lenu, na sehemu ya pili ni jina la seva mnakokaa, kama bahasha ilivyokuwa ikiandikwa jina la mtu kisha sanduku la posta. Seva yenu inaihifadhi picha hiyo, halafu inafungua daftari la wafuasi wenu na kukuta kwamba wafuasi mia mbili wametawanyika kwenye seva kumi na nne. Haitumi nakala mia mbili. Inapeleka nakala moja kwa kila seva, ikiwa na sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba imetoka kwenu kweli, na kila seva inawagawia watu wake. Baada ya sekunde chache, mpishi wa hoteli aliye kwenye seva nyingine kabisa anawaona mbuta wenu kabla hawajapandishwa kwenye bodaboda.

Neno la kuangalia hapo ni nakala. Chapisho lenu sasa limelala mahali kumi na tano. Mkilifuta kesho, seva yenu itapeleka ujumbe kwa zile nyingine kuziomba zifute, na nyingi hutii mara moja kwa sababu programu zao zimeandikwa hivyo. Lakini seva iliyokuwa imezimika siku hiyo, au ambayo mwenyewe ameibadilisha kwa makusudi, inaweza kubaki na nakala yake. Kwa hiyo wekeni huko bei, samaki na sura za watu wazima waliokubali, na msiweke kamwe nambari za vitambulisho wala picha za watoto.

Sasa nifike kwenye ulinzi, ambao ndio moyo wa swali lako. Yapo mambo unayoweza kuyafanya wewe mwenyewe kwa simu yako: kumnyamazisha mtu usimwone, kumzuia asikufikie, au hata kuizuia seva nzima kwa upande wa akaunti yako. Hayo ni mepesi na sitayakalia. Kazi nzito iko kwa msimamizi.

Kila seva ina kanuni zake zilizoandikwa kwenye ukurasa wake wa maelezo, pamoja na anwani ya mtu anayewajibika. Mtu akibonyeza kitufe cha kuripoti, malalamiko hayaendi ng'ambo kwa kampuni. Yanamfikia msimamizi wa seva yake. Kwetu yanafunguka kwenye ukurasa wenye machapisho yaliyolalamikiwa, maneno ya mlalamikaji, historia ya akaunti inayoshtakiwa na kama imewahi kuonywa, na kisanduku ambamo sisi wanne huandikiana maoni kabla ya kuamua. Kisha kuna vitufe: kufunga shauri bila adhabu, kuficha picha nyuma ya onyo, kufuta machapisho, kuonya, kuiwekea akaunti mipaka ili isionekane na wasioifuata, na mwisho kabisa kuifungia. Aliyeadhibiwa anapata taarifa na anaweza kukata rufaa, na rufaa hiyo inarudi kusomwa na mmoja wetu, si na mashine.

Nikupe shauri moja tulilolishughulikia. Wiki ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, ile tunayoiita Mashemeji, mwalimu mmoja wa seva yetu aliandika: "Jumapili tunawachinja Ingwe mchana kweupe." Saa mbili usiku ikaingia ripoti kutoka seva moja ya Ulaya. Jina la mlalamikaji halikuonekana, kwa sababu malalamiko ya kutoka nje hubeba jina la seva peke yake. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu huyu anatangaza mauaji ya kundi fulani la watu na ametaja hadi siku. Alikuwa ameyapitisha maneno yale kwenye mashine ya kutafsiri, na mashine haikumdanganya neno hata moja. Ilishindwa tu kujua kwamba Ingwe ni AFC Leopards, timu ya mpira, na kwamba kuchinja, wiki ya Mashemeji, ni kufunga mabao mengi. Mwenzangu alilifunga shauri kwa dakika mbili, akamwandikia msimamizi wa ile seva kumweleza, naye akajibu kwa shukrani. Sasa mfikirie mkaguzi asiyejua Ingwe ni nini, mwenye mamia ya mashauri mengine yanayomsubiri. Ukurasa wa wauza samaki, wanaoandika kila siku kuhusu kupasua, kutoa matumbo na kuchoma, unaweza kunaswa na mtego uo huo.

Kinyume chake ndicho kinachoninyima usingizi. Kwa mashine, neno "madoadoa" ni neno la nguo chafu. Kwa mtu aliyeiona Nakuru ya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, anayeandika wakati wa kampeni kwamba madoadoa yaondolewe anazungumzia majirani zake, na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022. Hakuna mashine ya kutafsiri inayoweza kukupa historia hiyo. Mlinzi wa maneno sharti awe amekulia ndani ya maneno yenyewe: Kiswahili chetu, sheng, Kijaluo, Kiluhya, Ekegusii, na namna watu wanavyovichanganya vyote katika sentensi moja. Ndiyo sababu mimi naamini seva ndogo iliyo karibu na watu wake, hata kama mitambo yake ni ya kawaida, inaweza kuamua kwa haki zaidi kuliko ofisi kubwa iliyo mbali. Kilichonivuta kwenye kazi hii ni hicho.

Hata hivyo usiniamini nusu tu ya njia. Kazi ya kukagua inaumiza popote inapofanywa. Hadi mwaka wa 2023 machapisho ya Facebook ya lugha kadhaa za Afrika yalikuwa yakikaguliwa Nairobi na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama, na wengi wao wamekwenda mahakamani wakidai kwamba yale waliyolazimika kuyatazama kutwa nzima yaliwadhuru akili. Kwenye seva kama yetu hakuna mshahara wala mshauri nasaha. Kuna watu wanne wenye kazi nyingine, wanaosoma ripoti wakishamaliza kusahihisha madaftari. Zana nazo ni chache. Kampuni kubwa hulinganisha kila picha inayopandishwa na hazina ya alama za picha za dhuluma dhidi ya watoto zinazojulikana, ilhali seva nyingi za kujitolea hazina mtambo huo. Julai 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza machapisho yapatayo 325,000 ya mitandao hii kwa siku mbili, wakakuta picha 112 za aina hiyo. Sisi baada ya kuusoma utafiti huo tulizuia picha zote kutoka kwa seva tusizozijua hadi tuzikague, na tumeendelea hivyo mpaka leo, ingawa baadhi ya watumiaji wetu hulalamika.

Sasa tuseme mkosaji hayuko kwenu. Yuko kwenye seva nyingine. Rudi kwenye ufuo. Mvuvi akikamatwa Dunga na nyavu haramu akahamia ufuo mwingine, kamati ya huko ikiwa na uaminifu itamkatalia kutia nanga, na ikimkaribisha, fuo jirani zinaweza kuamua kwamba mashua zote za kutoka huko hazitapokelewa. Seva hufanya vivyo hivyo. Kwanza tunamwandikia msimamizi wa upande wa pili, na mara nyingi mambo huishia hapo. Asipojali, tunaweza kuiwekea seva yake mipaka, ili machapisho yake yaonekane tu na wale waliochagua kuyafuata, au tunaweza kukata mawasiliano nayo kabisa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Gab, mtandao wa Marekani uliojaa maneno ya ubaguzi, ambao Julai 2019 uliuchukua msimbo wa Mastodon na kuutumia. Hakuna aliyeweza kuukataza, maana leseni ya msimbo huo inamruhusu kila mtu. Seva nyingi, kila moja kwa uamuzi wake, zikakata mawasiliano nao, na baadhi ya watengenezaji wa programu za simu wakazuia watu kuingia Gab kwa kutumia programu zao. Gab haikufungwa. Ilibaki na watu wake, lakini kelele zake hazikutufikia. Ukitaka kujua mitandao hii inaweza nini na haiwezi nini, litafakari shauri hilo: haina nguvu ya kumnyamazisha mtu duniani kote, ila ina nguvu kubwa ya kumnyima mlango kwako.

Kukata mawasiliano kuna gharama, na hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Ukiikata seva yenye watu elfu tano kwa makosa ya watu watano, unavunja uhusiano wa wote na wafuasi wao walio kwako, na siku utakapoifungulia tena uhusiano huo haurudi wenyewe. Kila mmoja atalazimika kumtafuta mwenzake upya. Nimeona kikundi cha wakulima kikipoteza wanunuzi kwa ugomvi wa wasimamizi wawili ambao hakikuhusika nao hata kidogo. Ndiyo maana mimi huanza na mipaka, na kukata nakuacha kwa dhuluma ya watoto, uchochezi na utapeli unaolindwa na msimamizi mwenyewe.

Tuje kwa tapeli wenu, anayeiba picha ya mbuta na kuweka nambari yake ya till. Akiwa kwenye seva yenu, msimamizi makini anamwondoa siku hiyo hiyo. Akiwa kwenye seva nyingine, ripotini na mkubali nakala ya ripoti ipelekwe huko, kisha mwandikieni msimamizi wa huko moja kwa moja mkimpa kiungo cha chapisho lenu la kwanza lenye tarehe, kwa sababu tarehe ndiyo itakayoonyesha nani alitangulia. Akiwa kwenye seva inayowakumbatia matapeli, seva yenu itaikata na nyinyi hamtamwona tena, ila mteja aliye kwenye seva ya tatu ambayo haijaikata ataendelea kumwona. Hapo pana tundu, na hakuna msimamizi anayeweza kuliziba peke yake.

Kwa hiyo jitambulisheni kabla hamjaibiwa. Kama mna tovuti, hata ya ukurasa mmoja tu, Mastodon ina njia ya kuthibitisha kwamba mwenye tovuti na mwenye akaunti ni mmoja, na kiungo hicho hugeuka kijani kwenye wasifu wenu. Wafundisheni wateja kuitafuta rangi hiyo. Fedha zikishaibwa, msimamizi wa seva hana uwezo wa kuzirudisha: hilo ni shauri la polisi na makachero wa DCI, na nambari ya till ndiyo nyayo watakazozifuata. Picha na majina ya wanachama yakitumiwa bila ridhaa, mlango mwingine ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Huenda kijana wenu atawatajia pia Bluesky. Ulitangazwa mwaka wa 2019 kama mradi ndani ya Twitter, ukaja kuwa kampuni inayojitegemea, na ukafunguliwa kwa watu wote Februari 2024. Huo hutenganisha mambo mawili ambayo Mastodon imeyaweka mikononi mwa mtu mmoja: mahali akaunti yako inapohifadhiwa, na nani anayekulinda. Kikundi chochote kinaweza kuanzisha huduma ya kubandika lebo kwenye machapisho, kwa mfano "utapeli" au "chuki ya kikabila", na kila mtumiaji anachagua lebo za nani azisikilize na anataka zifiche chapisho au zimwonye tu. Wazo hilo linanivutia sana. Walimu kumi wa Kisumu na Kakamega wangeweza kuwalinda watu wao bila kumiliki hata kompyuta moja ya kuhifadhi akaunti. Lakini kwa sasa sehemu kubwa ya watumiaji na mitambo ya Bluesky bado iko kwa kampuni moja, na uamuzi wa kuondoa akaunti kwa kiasi kikubwa uko kwake, kwa hiyo kikundi kinachokimbia hukumu ya kampuni kingekuwa kimeingia nyumba nyingine yenye mwenye nyumba mmoja.

Yapo mambo matatu zaidi ya kuyajua kabla ya kuhama. Ujumbe wa faragha kwenye Mastodon haujafungwa kwa usimbaji kama wa WhatsApp, na mwenye seva akitaka anaweza kuusoma, kwa hiyo mambo ya fedha na ya nyumbani yabaki kwenye simu. La pili, mkihama seva mtaondoka na wafuasi wenu, jambo ambalo mtandao mkubwa haukuwaruhusu, ila machapisho ya zamani hubaki nyuma, na uhamisho huo unahitaji seva ya zamani iwe bado hai. La tatu ni jina lenyewe. Februari 2024 seva moja iliyosajili jina lake chini ya herufi za nchi ya Afghanistan (.af) ililipoteza jina hilo kwa amri ya serikali ya Taliban, na kwa kuwa anwani za wanachama wote zilibeba jina lile, zote zilikufa kwa pamoja. Chagueni seva ambayo jina lake limesajiliwa mahali penye sheria mnazoweza kuzitegemea.

Msifungue seva yenu wenyewe. Najua wazo hilo litakuja, maana watu ishirini na wanane ni wengi. Seva inahitaji mtu wa kuamka usiku ikizimika, inahitaji kulipiwa kila mwezi, na ikiwa changa inakuwa kimya kwa sababu huona tu yale ambayo watu wake wameyafuata. Ingieni ya wengine. Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon zimekubali mkataba wa kupinga ubaguzi, kuweka nakala za akiba kila siku, kuwa na zaidi ya mtu mmoja mwenye funguo za dharura, na kutoa notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kufunga. Hayo ni ya chini kabisa. Nisingewashauri mkubali pungufu yake, hata seva ikiwa ya rafiki.

Na wiki hii, kabla ya kufungua akaunti yoyote, fanyeni mawili. Andikeni nambari za simu za wateja wenu wote kwenye daftari la karatasi, na picha zote mlizo nazo mzihifadhi kwenye simu mbili tofauti. Kisha chagueni seva mbili au tatu mnazozipenda na kumwandikia kila msimamizi ujumbe mfupi kwa Kiswahili, mkimuuliza ni wangapi wanaokagua ripoti, nani kati yao anasoma Kiswahili na Kijaluo, nani analipia seva, biashara inaruhusiwa kwa kiasi gani, na tapeli akiripotiwa Ijumaa jioni nani atakuwepo. Ujumbe huo ulioandikwa kwa Kiswahili tayari ni nusu ya jaribio. Atakayewajibu kwa kuomba mwandike kwa Kiingereza, mshukuruni na mwendelee kutafuta. Atakayewajibu kwa lugha yenu, akataja majina ya wakaguzi wake, mwandikieni tena Ijumaa hiyo saa moja jioni, muone kama kweli kuna mtu.